Mgonjwa wa akili gerezani hupotelea mlangoni

Mhariri,

Kila inapozungumzwa afya ya akili magerezani, hoja huishia palepale: madaktari bingwa ni wachache, waongezwe. Ni kweli ni wachache. Lakini bingwa hawezi kumtibu mtu ambaye hakuna aliyemtambua, na wengi hupotea siku ya kwanza kabisa, pale mapokezi, mbele ya askari mwenye daftari na foleni ndefu inayosubiri kuandikishwa.

Ukubwa wa tatizo unajulikana. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2012, uliojumuisha wafungwa 33,588 wa nchi 24, ulikuta saikosisi, maradhi ya kuona na kusikia yasiyokuwepo, kwa asilimia 3.6 ya wanaume na 3.9 ya wanawake. Sonona kali ilikuwa asilimia 10.2 kwa wanaume na 14.1 kwa wanawake. Mkaguzi anaweza kuanzia hapo hapo. Gereza la watu 1,000 lenye majina 5 tu katika daftari la wagonjwa wa akili halijabahatika kupata wafungwa wenye afya, halijawatafuta wagonjwa.

Kutafuta hakuhitaji daktari. Lipo dodoso la maswali 8 lililotengenezwa kwa ajili ya mahabusu, la dakika 2 au 3, ambalo hata askari aliyefundishwa anaweza kuliuliza. Maswali 6 ni ya dalili za sasa: je, unahisi kuna anayeyatawala mawazo yako, umekonda au kunenepa kwa wiki kadhaa bila kukusudia, unajiona huna thamani? Mawili yaliyobaki ni ya historia: umewahi kulazwa kwa ajili ya akili, unatumia dawa zake? Ndiyo 2 katika yale 6, au ndiyo 1 katika haya mawili, inatosha kumpeleka kwa muuguzi. Dodoso hili huwakosa zaidi wanawake, hivyo kwao lirudiwe baada ya siku chache. Tena halina swali la kujiua. Hilo liulizwe peke yake, waziwazi. Kumuuliza mtu hakumwingizii wazo hilo kichwani.

Kinacholiharibu dodoso zaidi ni mahali linapoulizwa. Nani atakiri kwamba anasikia sauti huku watu atakaolala nao selo moja wamesimama nyuma yake? Chumba kikikosekana, meza isogezwe mbali na foleni hadi sauti isiwafikie wengine. Hilo halihitaji bajeti.

Siku za mwanzo zina hatari nyingine, arosto ya pombe, yaani mwili kuugua baada ya kukatishwa pombe ghafla. Mnywaji mkubwa aliyekamatwa Ijumaa jioni huanza kutetemeka baada ya saa chache. Degedege huja kati ya saa 6 na 48 tangu alipokunywa mara ya mwisho. Kuweweseka, jasho, homa na kuona wadudu ukutani huja kati ya saa 48 na 96, yaani kuanzia Jumapili jioni hadi Jumanne, wakati ambapo pengine anapandishwa kizimbani. Selo nzima itasema amerukwa na akili, naye atafungwa pingu na kutengwa. Huyo ni mgonjwa wa dharura na anaweza kufa. Anahitaji hospitali, dawa ya kutuliza iitwayo dayazepamu chini ya uangalizi, na sindano ya vitamini B1 kabla ya dripu yenye sukari.

Halafu kuna dawa alizokuja nazo. Mara nyingi huingia mfuko wa mali pamoja na mkanda, simu na funguo, na hapo ndipo tiba inapokatika. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza hisia zinazopanda na kushuka kupita kiasi, anahitaji maji ya kutosha na kipimo cha damu, kwa sababu mwili ukikauka dawa hupanda hadi kuwa sumu. Anayechomwa sindano ya dawa ya saikosisi kila wiki 4 ndiye anayetudanganya zaidi: siku ya kuingia yuko sawa kabisa, kwa kuwa dawa bado imo mwilini. Asipoulizwa tarehe ya sindano ya mwisho, ugonjwa utarudi baada ya wiki au miezi, naye ataandikwa mkaidi na kupewa adhabu ya kutengwa. Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza kumfungia mtu peke yake ikiwa upweke utazidisha ugonjwa wake wa akili.

Kuhusu utafiti, wafungwa wana sababu ya kutuogopa sisi watafiti. Katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, kuanzia mwaka 1951 hadi 1974 walijaribiwa vipodozi, dawa na hata dioksini, kemikali yenye sumu kali, kwenye ngozi zao kwa malipo kidogo. Kanuni za Marekani za mwaka 1978 zinataka kamati ya maadili iwe na mfungwa au mtu anayeweza kuwasemea, na mshiriki aambiwe mapema kwamba kushiriki hakutamharakishia kuachiwa. Zinafaa kokote. Fomu ya ridhaa isomwe kwa sauti, kisha mshiriki aeleze kwa maneno yake alichoelewa. Askari awepo mahali anapoona lakini hasikii. Na tuache kuhesabu waliopo siku moja tu: hesabu hiyo hujaa wenye vifungo virefu na kuwakosa mahabusu wanaoingia na kutoka ndani ya wiki. Ni bora kumhoji kila anayeingia kwa wiki kadhaa mfululizo.

Kuachiwa nako kuna hatari yake. Utafiti wa mwaka 2007 uliofuatilia watu 30,237 walioachiwa katika jimbo la Washington, Marekani, ulionyesha kwamba katika wiki 2 za kwanza hatari ya kufa ilikuwa mara 12.7 ya ile ya wakazi wengine. Sababu kuu ilikuwa kuzidisha dawa za kulevya, maana mwili uliozoea kukaa bila dawa hauwezi tena dozi ya zamani.

Mfungwa mwenye tarehe ya kutoka anaweza kuandaliwa. Mahabusu hana tarehe. Akifutiwa kesi au kupewa dhamana huondokea palepale mahakamani, huku kadi na vidonge vyake vimebaki zahanati ya gereza. Kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe wiki ya kwanza na isahihishwe kila dawa inapobadilika: dawa gani, dozi gani, sindano ya mwisho lini na ijayo lini, kliniki gani iliyo karibu na kwake. Kosa lake lisitajwe humo. Kila anapopelekwa mahakamani, askari wa msafara abebe bahasha yenye barua hiyo na dawa za siku 14. Asipoachiwa, bahasha irudi zahanati jioni hiyo hiyo.

Wahudumu na watafiti wa afya ya akili magerezani