Mdogo wangu, umeamua wewe, titi bado halijaambiwa

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti wa saa tisa usiku nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza sikuambulia neno kwa sababu ya kwikwi. Mara ya pili nikasikia, "Dada, yamekuwa mawe." Mara ya tatu nikasikia maji yanamwagika kwenye beseni, nikajua uko bafuni, unajikanda peke yako usije ukamwamsha shemeji. Nilikupigia palepale tukaongea yale ya haraka. Leo nakuandikia yaliyobaki. Umeniruhusu niyaweke hapa bila jina lako, nami nayaweka, maana wanawake wanaojifungia bafuni saa tisa usiku ni wengi, na kila mmoja anadhani ni yeye tu.

Mtoto ana mwaka na miezi minane. Jumapili alinyonya kama kawaida yake, mara tano au sita. Jumatatu alfajiri akapandishwa basi la Korogwe kwa bibi yake, na tangu hapo hujamtia ziwani. Sikulaumu. Ndivyo tulivyokuta: mtoto akifika umri anapelekwa kwa bibi, akirudi amesahau. Na kweli husahau, akishalia siku zake kadhaa. Titi ndilo halisahau.

Sijawahi kukusimulia vizuri nilivyomwachisha mwanangu wa kwanza. Uliambiwa tu kwamba dada aliugua safarini. Nilikuwa naenda semina ya wiki mbili Dodoma, mtoto ana miezi kumi na minne, nikaona nafasi ndiyo hii. Nilimnyonyesha saa kumi na moja alfajiri, nikamwacha kwa mama, nikapanda basi. Tulipofika Chalinze yameanza kuvuta. Morogoro blauzi imelowa mbele, nimejifunika mtandio, na jirani yangu kwenye kiti ananusa harufu ya maziwa yaliyochacha, anageuza uso dirishani kwa heshima. Nilipofika gesti nikafanya nilichowaona wakubwa wakifanya: nikakunja kanga mara nne, nikajifunga kifuani nikaikaza mpaka pumzi inakuja nusu nusu. Nikalala hivyo siku mbili. Maji nikajinyima ili maziwa yakauke.

Siku ya tatu niliamka natetemeka kama mwenye malaria. Titi la kushoto, upande wa kwapani, lilikuwa na doa jekundu lenye umbo la kipande cha embe, linachoma hata likiguswa na shuka. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Nesi mmoja wa siku nyingi, mtu mzima, ndiye aliyenifungua ile kanga. Akaiangalia alama iliyoacha mgongoni, akaniambia maneno ambayo sijayasahau: "Mwanangu, umeamua wewe. Titi bado halijaambiwa." Nikamaliza dozi ya antibayotiki, na semina sikuimaliza. Nilinusurika jipu, na jipu la titi ni jambo la kutolewa usaha kwa sindano au hata kupasuliwa.

Alinieleza hivi, nami nakueleza kwa namna yangu. Titi ni kama mama ntilie. Sufuria ikirudi tupu, kesho anapika kubwa zaidi. Ikirudi na nusu, anapunguza mchele. Lakini hawezi kupunguza leo kile alichokwisha kupika jana. Maziwa yakibaki ndani, yenyewe hutuma habari kwamba yapunguzwe, na habari hiyo hufanya kazi polepole, kwa siku na wiki. Ukikatiza ghafla, sufuria kubwa imepikwa na mlaji hayupo. Yanajaa, damu na majimaji mengine yanakusanyika pembeni, titi linavimba mpaka njia za maziwa zenyewe zinabanwa. Ndiyo maana unakamua na hakitoki kitu wakati unahisi yamejaa hadi kwapani.

Kwa hiyo sasa hivi, kabla ya mengine yote: kama umejifunga kanga kifuani, ifungue. Vaa sidiria inayokushika vizuri isiyo na waya, isiyoacha alama kwenye ngozi, ulale nayo. Kunywa maji kwa kiu yako. Kujinyima hakukaushi maziwa, kunakukausha wewe.

Halafu kamua, ila kidogo. Weka kitambaa cha uvuguvugu dakika mbili tatu tu ili yaanze kushuka, uinamie beseni, kidole gumba juu na vingine chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu. Sukuma kwanza kuelekea kifuani, ndipo ubane vidole taratibu. Usivute chuchu. Matone ya kwanza yatakuwa mazito, ya njano njano, kisha yataanza kuruka. Titi likitoka kwenye ugumu wa goti likafika ulaini wa shavu, simama hapo. Najua utatamani kuendelea mpaka liishe, maana raha yake naijua, lakini ukilimaliza umempa mama ntilie sufuria tupu. Kamua ya kukupumzisha tu, na kila siku ongeza muda kati ya mara moja na nyingine.

Ukimaliza, baridi. Kitambaa cha maji ya friji au barafu iliyoviringwa kwenye taulo, robo saa hivi, unarudia. Hilo beseni la maji ya moto ulilokuwa unajikandia usiku kucha ndilo limekuzidishia uvimbe, maana joto la muda mrefu linaita damu zaidi. Na chanuo pia weka chini. Najua bibi alikuwa anatuchania titi kwa chanuo, na alikuwa anatupenda. Lakini kuchana na kukanda kwa nguvu kunaumiza nyama ya ndani ambayo tayari imevimba.

Kabichi inasaidia. Bandua jani zima, lioshe, ponda ule mshipa mnene wa katikati kwa chupa, liweke kwenye friji, kisha ulivae ndani ya sidiria chuchu ikiwa wazi. Likilegea na kupata joto, tupa, weka jingine. Kama ngozi ina mchubuko usiweke. Iwe ni kabichi yenyewe au ni ubaridi wake tu, wengi tumepata nafuu. Kwa maumivu meza paracetamol kwa kipimo chake, au ibuprofen kama huna vidonda vya tumbo na umeshakula.

Umeniambia rafiki yako wa ofisini ana vidonge vya kukausha maziwa. Usivimeze. Dawa mojawapo ya namna hiyo, bromokriptini, ilikuwa ikitolewa sana kwa kazi hii, na mwaka 1994 huko Marekani matumizi hayo yaliondolewa kwa sababu kulikuwa na akina mama waliopata kiharusi, degedege na matatizo ya moyo. Zipo hali ambazo daktari huandika dawa ya kukausha maziwa, naye atakupima kwanza, hasa presha.

Na hospitali usisubiri nikuambie. Ukipata homa ya 38.5 au zaidi, ukitetemeka, ukiona sehemu imekuwa nyekundu na ya moto, au bonge linalouma ambalo siku imepita na halilegei, nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Wakikupa antibiotiki maliza dozi hata ukipona siku ya pili. Na likibaki bonge wiki kadhaa baada ya maziwa kuisha, lisiitwe "maziwa yaliyoganda" na mtu yeyote mpaka limepimwa. Hapo nakusihi kabisa.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Nataka mtoto arudi.

Najua utakachosema. Mama mkwe amesema mtoto amekua, na amesema lile neno: msije mkambemenda, yaani mkamdhoofisha mtoto kwa kulala pamoja angali ananyonya. Nimekaa na neno hili miaka mingi, na sitaki kulidharau. Wazee waliona kitu cha kweli. Waliona wazazi wakirudiana mapema, mimba inaingia, ziwa linakatizwa, na yule mkubwa anaanza kudhoofu, nywele zinabadilika rangi, miguu inavimba. Waliona mtoto, wakalipa jambo jina. Kule Ghana nako wazee waliona vivyo hivyo, na neno lao kwa ugonjwa wa mtoto aliyeondolewa ziwani kwa ajili ya mdogo wake ndilo hilo hilo daktari Cicely Williams alilolipeleka kwenye vitabu vya tiba miaka ya 1930, nasi tukalipokea: kwashakoo. Kinachomdhoofisha mtoto ni kukosa maziwa ghafla bila chakula cha kuyafidia. Kulala na mumeo hakuharibu maziwa. Panga uzazi, maana ukiacha kunyonyesha mimba inaingia kirahisi zaidi. Ongea na nesi kliniki kuhusu njia inayokufaa.

Mtoto wa umri wa mwanao bado anapata kama theluthi ya nguvu za mwili wake kwenye ziwa. Theluthi hiyo ikiondoka Jumatatu moja, uji mweupe hauizibi. Uwe uji wenye karanga, yai, dagaa waliosagwa, maharage, maziwa ya ng'ombe, parachichi. Shirika la Afya Duniani linasema miaka miwili na kuendelea, na Kurani katika Al-Baqara aya ya 233 inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha, kisha inasema wazazi wakitaka kumwachisha kwa kuridhiana na kushauriana, si vibaya kwao. Kushauriana, mdogo wangu. Je, wewe na shemeji mlikaa mkashauriana, au mliletewa tarehe ya basi?

Kama bado unataka kumwachisha, na ni haki yako kutaka, kazi yako ya zamu za usiku naijua, basi tufanye kwa mwendo wa titi. Kwa mwanangu wa pili nilitumia karibu miezi miwili. Nilianza na la mchana, lile analonyonya kwa mazoea, nikaweka kikombe cha maziwa na ndizi mahali pake. Siku nne, tano, matiti yakajaa kidogo saa hiyo hiyo, nikakamua vijiko viwili, yakazoea. Ndipo nikaondoa la asubuhi. La kurudi kazini lilikuwa gumu kuliko yote, maana alikuwa ananisubiri mlangoni anashika kola ya blauzi, "mama, nyonyo." Nikawa naingia na chungwa mkononi, tunalimenya pamoja barazani kabla sijakaa kwenye kile kiti. La usiku nililiacha mwisho. Baba yake ndiye aliyembembeleza siku hizo, mimi nalala chumba kingine. Akiugua, nilisimamisha zoezi. Hakuna siku hata moja matiti yangu yalikuwa mawe.

Shubiri na pilipili usipake. Mama alitupakia mwarobaini sote na tumekua, najua. Lakini pilipili inamwunguza mtoto mdomo na macho, na wewe inakuunguza penye michubuko, na sitaki kumbukumbu yake ya mwisho ya titi lako iwe uchungu.

Jambo jingine hukulisema, nililisikia kwenye sauti. Ile huzuni. Unalia na hujui unalilia nini, unanusa shati lake. Kunyonyesha kuna homoni zake zinazotuliza, na zikishuka kwa mkupuo moyo nao unashuka. Wala si kwamba umekuwa dhaifu au umekuwa mama mbaya. Mwambie shemeji kwa maneno haya haya. Ikizidi wiki mbili hujainuka, tutakwenda pamoja kumwona mtu. Na matone yakiendelea kutoka wiki kadhaa baada ya yote haya, usishtuke, hutoka; ila yakiwa na damu, hospitali.

Mama mkwe nimeshampigia mimi. Nilimwamkia, nikamshukuru kwa kumtunza mtoto, nikamweleza habari ya Dodoma yote, mpaka ile alama ya kanga mgongoni. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaniambia naye alitolewa usaha, kwa mtoto wake wa tatu, na hakuwahi kumwambia mtu. Akasema mtoto anakula vizuri mchana, ila jioni anazunguka nyumba anakuita.

Jumamosi napanda basi la kwanza kutoka Tanga, nashuka Segera, nachukua gari la Korogwe. Tukiwahi, jioni tuko kwako Dar es Salaam. Huenda atakataa ziwa, siku tano kwa mtoto ni nyingi. Akikataa tutaendelea na kukamua. Akilitaka, mpe. Nunua kabichi mbili, za Jumamosi na za Jumapili, na uniachie nafasi kwenye kitanda chako, nitalala upande wa mlangoni.

Dada yako