Shosti, hiyo chai isogeze pembeni kwanza

Mama kijacho wangu,

Meseji yako nimeisoma jana usiku nikafurahi mpaka usingizi ukaruka, hongera sana mpenzi, wiki ya 10 si mchezo! Ila pale uliposema ukisimama unasikia kizunguzungu na watu wanakwambia kula sana maana mko wawili ndo pamenifanya nikae niandike, hapo nimeshapita na nilikosea.

Mimba yangu ya kwanza nilikula hasa. Sahani inajaa, naongeza, si tuko wawili. Kumbe miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji hata chakula cha ziada, ukiingia mwezi wa nne ndo unaongeza kama kalori 340 kwa siku, yaani kipande cha mkate, yai na glasi ya maziwa basi, mwishoni ndo inafika kama 450. Na pamoja na shibe yote ile, wiki ya 30 napimwa wingi wa damu (hemoglobini) naambiwa 8.4 wakati ilitakiwa isishuke chini ya 11. Nikachoka kabisa, maana vidonge vya kuongeza damu, vile vya madini ya chuma, nilikuwa nameza kila siku, sijaruka hata kimoja.

Nesi akaniuliza swali moja tu, unamezea nini? Nikamwambia chai, tena ya maziwa, asubuhi nikiamka. Akavuta kiti akakaa. Akasema ile rangi ya kahawia inayoganda ndani ya kikombe usipokiosha ni tanini, na hiyo ikikutana na madini ya chuma tumboni inayashika, mwili unapata kidogo sana, na maziwa nayo yana kalsiamu inayoyazuia pia. Miezi yote ile nilikuwa nameza dawa na kizuizi chake kwa pamoja, na hakuna aliyewahi kuniuliza! Wakaniongezea dozi, nikaanza kumezea maji au juisi ya chungwa, chai nikaisogeza mbele masaa mawili, wiki tano baadaye nikapima 10.6.

Kwa hiyo shosti naomba sana, chai na kahawa usinywe na vidonge wala na mlo wenyewe. Ukila maharage au mboga za majani kamulia limau au kula na chungwa, vitamini C inasaidia chuma kuingia, chuma cha nyama na samaki chenyewe kinaingia kirahisi zaidi. Choo kikiwa cheusi usiogope ni vidonge, kikiwa kigumu ongeza maji na matunda, na kama vinakuchefua meza usiku ukienda kulala, ila usiviache. Damu ya mjamzito inaongezeka karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo, hiyo yote inataka chuma, na mtoto naye anajiwekea akiba yake humohumo. Asidi ya foliki pia endelea nayo, maikrogramu 400 kwa siku, mimba ijayo anza kabla hujashika kabisa, kwa sababu mfereji wa ubongo na uti wa mgongo wa mtoto unajifunga ndani ya mwezi wa kwanza tu wakati wengi hata hatujajua kama tuna mimba.

Maini najua unayapenda, yana chuma kingi kweli lakini yana vitamini A nyingi mno na ikizidi inamdhuru mtoto, usiyafanye chakula cha kila siku. Mayai yaive mpaka kiini kigande, nyama isibaki na wekundu, maziwa yachemke, pombe hata tone hapana. Kichefuchefu cha asubuhi kula biskuti kavu hukohuko kitandani kabla hujainuka, halafu kula kidogo kidogo, tumbo likiwa tupu ndo kinazidi.

Hicho kizunguzungu lakini usikisie, inaweza kuwa damu inaweza kuwa presha, nenda kliniki wiki hii hii wakupime vyote. Wakishakupima niandikie namba yenyewe, usiniambie tu "iko poa" mpenzi, nataka namba.

Nakupenda,
Shosti wako