Vampaya anayetandika magazeti

Mhariri,

Nipe nafasi kidogo nimjibu mwandishi wenu aliyesema muvi za kuchekesha za vampaya, yaani wale wafu wanaonyonya damu za watu, ni takataka, eti haziogopeshi wala hazichekeshi. Mi nahisi aliziangalia huku anachati, maana utamu wake uko palepale yeye anapoona upuuzi.

Hebu mfikirie vampaya mwenyewe. Jua hawezi, kitunguu saumu hawezi, kwenye kioo haonekani, mlangoni haingii mpaka akaribishwe. Yaani jitu limetisha watu karne na karne kumbe maisha yake yote ni masharti tu, na muvi ya kutisha ikifika hapo inapita haraka na muziki mzito, hizi za vichekesho ndo kwanza zinavuta kiti zinakaa. Chukua What We Do in the Shadows ya 2014, ya New Zealand, mavampaya wanaishi nyumba moja Wellington wanagombana zamu ya kuosha vyombo, vina miaka 5 havijaguswa, wakienda kula bata usiku wanakwama nje ya klabu wanambembeleza baunsa atamke tu kwamba wakaribie ndani.

Au ile Mr. Vampire ya Hong Kong, 1985. Vampaya wa humo ni maiti iliyokakamaa, mikono mbele, inakuja inarukaruka miguu pamoja, unacheka, ila ukitaka isikupate inabidi ubane pumzi. Siku ya kwanza naiangalia nikajikuta na mimi nimebana pumzi hapo kwenye kochi, kicheko kikanishinda nikavuta pumzi kwa nguvu, halafu nikaogopa kweli kama vile ile maiti imenisikia. Sasa hapo mtu aniambie nilikuwa nacheka au naogopa, mwenyewe sijui.

Sio zote nzuri, zipo ambazo ni rangi nyekundu na makelele mwanzo mwisho, hizo namwachia mwandishi wenu azichambe anavyotaka.

Ila arudie ile ya Wellington, amwangalie Viago, yule vampaya mstaarabu kupita kiasi, kabla ya kumng'ata mgeni wake anatandika magazeti vizuriii sakafu isichafuke, kisha anang'ata anakosea anatoboa mshipa mkubwa, damu inaruka kila mahali isipokuwa kwenye magazeti. Kama hata hapo hakucheka basi nahisi kilichomuuma ni kuona kazi ya gazeti.

Msomaji wenu wa kila siku