Barua ya wazi kwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza: tuliambiwa miaka mitano

Mheshimiwa Shabana Mahmood, salaam.

Nakuandikia kuhusu ile miaka mitano ya kusubiri ukaazi wa kudumu tuliyoambiwa, ambayo umependekeza kuirefusha, na nakuandikia kwa Kiswahili makusudi kabisa, maana Kiswahili ndo lugha ninayofanyia kazi hapa Leicester, nikiwaambia watu hawaamini. Mimi ni Mtanzania, mtu wa Muheza, nimekuja na viza ya kutunza wazee mwaka 2022 mlipofungua mlango, na kati ya wazee ninaowazungukia asubuhi na jioni yupo bibi mmoja wa Kigujarati, namwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita. Kazaliwa Kisumu. Ugonjwa wa kusahau unamla taratibu, Kiingereza kimeanza kumkimbia, ila Kiswahili kipo, kile cha jikoni, "letea mimi sufuria", "funga dirisha, baridi nakuja", na muhogo kwake ni mogo, hadi kesho. Wanawe walivyosikia mtunzaji mpya anaongea Kiswahili walinishika mikono yote miwili mlangoni.

Sasa siku moja Februari namvalisha soksi akaniambia nifungue droo iliyo chini ya pale anapoweka miungu yake. Humo ndani kuna mfuko wa nailoni wa duka la sari la Belgrave Road, ndani ya mfuko kuna paspoti ya Uingereza ya zamani, ile ya bluu nzito yenye jalada gumu kama kitabu cha dini, mbele ina vidirisha viwili, kimoja jina limeandikwa kwa mkono, kingine namba. Imetolewa Nairobi, ndani imeandikwa raia wa Uingereza na Makoloni. Akaweka kidole kwenye ule ukurasa wa kwanza, ule unaosema kwa jina la Malkia tunawaomba wote wanaohusika wamwache mwenye paspoti hii apite bila kizuizi. Akasema, "Hii uongo. Soma. Hii uongo."

Nikaenda kusoma, Mheshimiwa, maana mimi historia hii sikufundishwa, na nilivyosoma nikaona inanihusu mimi mwenyewe, ndo sababu ya barua hii.

Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Waasia wengi waliokuwa na uraia wa Uingereza na Makoloni walipewa miaka miwili waamue, wachukue uraia wa Kenya au wabaki na paspoti ya Malkia. Baba yake Ba alikuwa karani wa reli, akabaki na ya Malkia, kwa nini asibaki nayo, ameitumikia serikali hiyo maisha yake yote. Na sheria ya uhamiaji ya 1962 iliyoanza kuwabana watu wa Jumuiya ya Madola haikuwagusa wao, kwa sababu paspoti zao zilitolewa na serikali ya London yenyewe kupitia ubalozi, sio na gavana wa koloni. Haikuwa bahati mbaya. Iain Macleod aliyekuwa waziri wa makoloni aliandika Februari 1968 kwenye gazeti la Spectator, barua ya wazi kama hii, akimwandikia Duncan Sandys wa chama chake mwenyewe, kwamba alitoa neno lake kwa watu hao, alikusudia kulitoa na anataka kulitimiza. Mhafidhina huyo, sio mtu wa mrengo wa kushoto. Sisi tunasema ahadi ni deni, naye alilijua deni lake akalitaja hadharani, na muswada wa kuwazuia watu hao ulipofika bungeni mwaka huohuo akapiga kura kuukataa.

Na sisi Afrika Mashariki tuna yetu ya kujibu, sitaki kuificha. Mwaka 1967 Kenya ilipitisha sheria za uhamiaji na za leseni za biashara, asiye raia akatakiwa awe na kibali cha kazi, na kwetu Tanzania 1971 majumba yakataifishwa, walioumia wengi walikuwa Waasia. Lakini mtu akifukuzwa kazi Nairobi ana paspoti ya Uingereza mkononi, anakwenda wapi?

Tazama na ule mwaka wenyewe ulivyokuwa. Novemba 1967 waziri mkuu Harold Wilson ameshusha thamani ya pauni, Januari 1968 akatangaza majeshi yataondolewa Singapore na Malaysia na Ghuba, yaani dola kubwa inafunga virago, hela hakuna. Mwezi mmoja baadaye James Callaghan, aliyekalia kiti hichohicho unachokalia wewe, wa chama hichohicho chako cha Labour, akapeleka bungeni muswada wa kuwazuia watu wenye paspoti za nchi yake. Ukajadiliwa usiku kucha, ukapita mabunge yote mawili ndani ya siku tatu, tarehe 1 Machi ukawa sheria. Ikasema paspoti peke yake haitoshi, lazima mzazi wako au babu yako au bibi yako awe amezaliwa Uingereza au alipata uraia akiwa hukohuko. Rangi haikutajwa wala haikuwa na haja ya kutajwa, mzungu wa Naivasha bibi yake yuko Devon, Ba bibi yake yuko Rajkot, India. Na walijua. George Thomson, waziri wa Jumuiya ya Madola, aliwaambia wenzake kwenye baraza la mawaziri kwamba huu ni ubaguzi wa rangi ulio wazi, karatasi zilifunguliwa baada ya miaka 30 na maneno yake yamo.

Ba aliingia Uingereza Februari hiyohiyo, siku zile ndege zinajaa Embakasi watu wanalala kwenye mabegi. Dada yake mkubwa alibaki kumalizia kuuza duka la mumewe, alihitaji wiki tatu tu, mlango ukafungwa. Vocha za kuingilia Uingereza zikawekwa 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa kaya, dada yake akasubiri foleni hiyo hadi 1974. Mama yao alifariki 1972 hapa Leicester, mmoja wa mabinti yupo msibani mwingine hayupo. Hili ndo Ba analikumbuka, chakula alichokula asubuhi hakikumbuki, hili analo. Mwaka 1973 Tume ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikasema kuwabagua watu hawa kisheria kwa sababu ya rangi yao ni kuwadhalilisha utu wao, lakini tume ikisema hivyo mama yao ameshachomwa mwaka mzima.

Yule aliyeandika kwenye ukurasa wa kwanza akiziomba nchi zote za dunia zimwache Ba apite bila kizuizi ndiye yeye aliyekuja kumzuia dada yake. Ba hakuwa anachanganyikiwa aliposema ni uongo, nilidhani ni ugonjwa.

Sasa nije kwangu. Sheria niliyojia ilisema miaka mitano. Unafanya kazi, unalipa kodi, huombi msaada wa serikali, hufanyi uhalifu, mwaka wa tano unaomba ukaazi wa kudumu. Wito ulikuwa wenu, Februari 2022 serikali ya nchi yenu ndo ilisema wazee hawana wa kuwahudumia, waje watu. Nikauza shamba la michungwa, nikalipa ajenti hela ambazo hakupaswa kunitoza (hiyo ni kesi nyingine), nikaja. Tangu siku hiyo saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kituo cha basi, mvua ikinyesha niko hapo, Krismasi niko hapo. Novemba 2025 ukasimama bungeni ukapendekeza iwe miaka kumi kwa wengi na kwa sisi wa kazi za kutunza wazee iwe kumi na tano, na pendekezo likataka liwakute hata waliokwisha kuingia. Piga hesabu na mimi. Nilikuja na miaka 38, ningepata makaratasi yangu nina 43. Kwa pendekezo lako nina 53, na miaka yote hiyo viza yangu imefungwa kwenye jina la sponsa, yaani mwajiri anayenidhamini, akifilisika au akinichukia naanza kutafuta mwingine siku zinahesabiwa.

Kwetu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mmetupa jembe siku ya kwanza, hata begi hatujafungua, na hatukulalamika maana tulikuja kulima. Ila hakuna mahali nilipowahi kuona mtu anashika jembe miaka kumi na tano bado anaitwa mgeni.

Najua utasema watu waliingia wengi mno kuliko ilivyotarajiwa. Kweli waliingia wengi. Nchi ina haki ya kubadili sheria kwa anayekuja kesho na hapo sikubishii hata kidogo, mmefunga viza mpya za kazi yetu Julai 2025 na sijaandika barua. Machi 2024 serikali ya Rishi Sunak, ambaye mama yake kazaliwa Tanganyika, iliwakataza wanaokuja kwa kazi hii kuleta watoto, mwenzangu wa shifti alikuja Aprili akamwacha mtoto wa miaka minne kwa bibi yake, analia chooni mpaka leo, lakini hata yeye alijua sharti kabla ya kupanda ndege. Ninacholalamikia mimi ni sheria inayorudi nyuma kumkamata mtu aliyekwisha kuvuka. Hicho ndicho kilichofanyika 1968. Na 2018 mkaona tena, watoto wa Windrush, yaani wa wahamiaji wa Karibiani walioitwa kwa jina la meli, waliokuja kihalali na wazazi wao, watu wa miaka 60 na zaidi, wanaambiwa leteni ushahidi, wakati kadi zao za kuingilia nchini wizara yenyewe ilishaziteketeza 2010. Wasiopungua 83 walirudishwa nchi ambazo wengine walizihama wakiwa watoto. Amber Rudd, waziri wa mambo ya ndani wa wakati huo, alijiuzulu. Wizara ikaandikiwa ripoti ya historia na mtaalamu wake yenyewe, ikaikalia mpaka ikashindwa kwenye baraza la rufaa ikaitoa Septemba 2024, na ripoti inasema kuanzia 1950 hadi 1981 kila sheria ya uhamiaji au uraia ilitungwa angalau kwa sehemu ili kupunguza weusi na wenye rangi. Nakala iko ofisini kwako.

Wewe mwenyewe umezaliwa Birmingham, wazazi wako asili yao Mirpur, Kashmir ya upande wa Pakistan. Birmingham ndipo Enoch Powell, mbunge wa Wahafidhina, aliposimama tarehe 20 Aprili 1968, wiki saba tu baada ya ile sheria, akatabiri mito ya damu. Unaona mpangilio wake? Sheria ilitangulia, hotuba ikafuata, walidhani wakimpa nusu atanyamaza. Mei 2025 waziri mkuu Keir Starmer akasema nchi inaweza kuwa kisiwa cha watu wasiojuana, baadaye akasema anayajutia maneno yale, nikamheshimu kwa hilo. Basi msiache majuto yaishie kwenye hotuba.

Leicester hii unaijua. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90, halmashauri ya mji ililipia tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus, kuwaambia kwa faida yenu na familia zenu msije Leicester. Waziri mkuu Edward Heath aliwapokea hata hivyo, watu zaidi ya 27,000 waliingia nchini, na Leicester walikuja. Tembea Belgrave Road jioni leo uone walichofanya na mtaa uliokuwa unakufa. Wengine waliingia viwandani, na ukitaka kujua walivyoshika jembe muulizie Jayaben Desai, aliyetokea Tanzania, mama mfupi na mkoba wake, aliyetoka nje ya kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick London Agosti 1976 akasimama getini karibu miaka miwili kudai heshima kazini. Walishindwa mgomo ule, lakini wachimba makaa ya mawe na wabeba barua wa kizungu walikuja kusimama na wanawake wa sari, kitu ambacho hakikuwa kinaonekana kabla.

Ninachokuomba ni kimoja na hakihitaji bajeti. Andika ndani ya sheria, sio kwenye hotuba wala kwenye mwongozo unaobadilishwa kimyakimya, kwamba kila aliyeingia wakati sharti ni miaka mitano atahesabiwa kwa miaka mitano. Anayekuja baada ya hapo mwambie masharti yako kabla hajauza shamba, aamue mwenyewe.

Jibu kwa Kiingereza tu, nitasoma. Kwa Ba nitamsomea kwa Kiswahili, kwa kurudiarudia maana anasahau, na paspoti yake nimeirudisha kwenye droo kama alivyotaka, jalada likitazama juu.

Wako,
Mtunza wazee, Mtanzania,
Leicester