Barua kwa Baba kuhusu Lori na Barafu

Cheyenne, Wyoming, Marekani
Novemba

Kwako Baba mpendwa,

Natumai barua hii itakufikia ukiwa buheri wa afya, wewe na Mama na wote hapo Nakuru. Mimi ni mzima. Uliponiuliza kwa simu jinsi lori linavyoendeshwa juu ya barafu nilikujibu mbiombio, kwa kuwa mzigo ulikuwa ukishushwa, na jibu lile halikuniridhisha hata mimi.

Njia ninayopita sana ni barabara kuu nambari 80. Kilele chake, kati ya Cheyenne na Laramie, kina futi 8,640, yaani takriban mita 2,630, na utashangaa kusikia kwamba ni chini kuliko Timboroa uliyoivuka miaka yote ile ukienda mpakani Malaba. Lakini huku tuko mbali na ikweta, na upepo wa Wyoming huifagia theluji ikatanda barabarani hata siku ambayo haianguki, mpaka njia ikafungwa.

Kazi kubwa, Baba, hufanywa lori likiwa limesimama. Dizeli ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta hiyo huganda ikaziba chujio, kwa hiyo dawa ya kuizuia hutiwa tangini mapema, kwani mafuta yakishaganda haisaidii tena. Betri zimepimwa, chujio ni jipya, na upepo wa magurudumu naupima kila asubuhi kwa sababu hupungua kadiri baridi inavyoongezeka. Nyuma ya kiti nina blanketi, sepetu, maji na chakula cha siku mbili tatu. Minyororo ya magurudumu nilijizoeza kuifunga uwanjani mwezi uliopita, tena nikiwa na glavu, maana katika milima ya Colorado, kwenye barabara nambari 70, sheria inayataka malori yaibebe kuanzia tarehe 1 Septemba hadi 31 Mei.

Breki ndizo zilizonifunza kwa uchungu. Majira ya baridi yaliyopita nilipita kwenye theluji iliyoyeyuka, nikaegesha breki zikiwa zimelowa, nikavuta breki ya maegesho, nikalala. Alfajiri nilipoondoka, magurudumu ya nyuma ya trela hayakuzunguka; yaliburutwa tu yakichora mistari miwili juu ya theluji. Nililala chali chini ya trela nikigonga ngoma za breki kwa nyundo, moja baada ya nyingine, hadi nikasikia barafu ikipasuka na viatu vya breki vikiachia. Siku hizi, kabla ya kuegesha, nazikanyaga breki kidogo kidogo nikiwa bado mwendoni ili zikauke, na kila jioni nafungua matangi ya hewa inayoendesha breki nitoe maji, kwa kuwa tone likiganda ndani ya mpira wa breki hewa haipiti.

Barabarani, kinachotisha ni ile barafu nyembamba inayofanana na lami iliyolowa. Natazama magurudumu ya gari lililo mbele: yakiacha kurusha maji ilhali lami bado inang'aa, hiyo ni barafu, nami naondoa mguu kwenye mafuta taratibu bila kugusa breki.

Ulinionya tukiteremka Salgaa kwamba dereva anayetoa gia ili aokoe mafuta anacheza na roho za watu, na sijalisahau neno hilo. Huku pia sitoi gia. Lakini breki ya injini, ile inayoifanya injini yenyewe ipunguze mwendo, uliyonifundisha kuitegemea, juu ya barafu naizima, kwa sababu hukaba peke yake magurudumu yanayozungushwa na injini, yakateleza, na trela likamkunjikia dereva ubavuni. Mwendo naupunguza ningali tambarare, kisha nashuka kwa gia ndogo, hata wa nyuma wakinung'unika.

Mwambie Mama kwamba sheria ya huku inamwamuru dereva wa lori asimame hali ikizidi kuwa ya hatari, na mimi husimama. Ninaomba pia umhimize mdogo wangu, sasa anapoanza safari za Malaba, afungue matangi ya hewa kila siku; maji hukusanyika humo hata Nakuru, ingawa huko hayagandi.

Ni mimi mwanao akupendaye.