Sera ya pamoja ya Afrika Mashariki kuhusu Kongo iko wapi?

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika, lakini taarifa yenu iliyoyaita makubaliano ya Washington ya tarehe 27 Juni 2025, baina ya Kongo na Rwanda, kuwa ni ushindi wa diplomasia ya kanda yetu, siwezi kuinyamazia. Nchi zote mbili ni wanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Zikipatanishwa Washington na Doha, kanda imeshinda nini?

Novemba 2022 Kenya ndiyo iliyokuwa mbele, ikiongoza kikosi cha Jumuiya na mazungumzo ya Nairobi chini ya Uhuru Kenyatta. Kinshasa ikalalamika kwamba kikosi hakipigani na waasi wa M23 wa mashariki mwa Kongo, ikakataa kukiongezea muda, na Desemba 2023 kikafungasha virago. Usukani ukahamia SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, Afrika Kusini ikitangulia, Malawi na Tanzania yetu zikichangia askari. Wakati huohuo Uganda na Burundi zilikuwa na majeshi yao huko kwa mapatano yao wenyewe na Kinshasa, huku wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakiitaja Rwanda kuwa inaisaidia M23, jambo ambalo Kigali inalikanusha. Hayo yote yametendeka ilhali Ibara ya 123 ya Mkataba wa Jumuiya, uliotiwa saini 1999, inazitaka nchi wanachama ziwe na sera za pamoja za mambo ya nje na usalama.

Mimi ni mfanyabiashara wa mchele. Goma, mji wa mashariki mwa Kongo, ulipotekwa na M23 Januari 2025 benki zilifungwa, na mteja wangu wa huko, mtu mwaminifu sana, akabaki na mzigo wangu dukani asiweze kunilipa kwa kuwa fedha zake zilikuwa benki. Nilipokwenda kuuliza katika ofisi moja inayoshughulikia mambo ya Jumuiya, nilijibiwa nisubiri tamko la wakuu wa nchi. Tamko likatoka Dar es Salaam tarehe 8 Februari, likiagiza mapigano yakome na uwanja wa ndege wa Goma ufunguliwe. Kabla ya mwezi huo kwisha, mji wa Bukavu nao ulikuwa umetekwa. Baadaye magari ya kikosi cha SADC, yakiondoka Kongo, yalipita barabara yetu kutoka Rusumo kuelekea Chato, nasi tukasimama kando kuyatazama, tukijua kwamba baadhi ya vijana wetu walikwisha kufia huko. Na Jumuiya hiyohiyo ina wanachama wenye malimbikizo makubwa ya michango yao ya mwaka, wanaoketi mezani kama waliolipa.

Napendekeza kila nchi mwanachama yenye askari Kongo, au iliyowahi kuwapeleka, imtume waziri wake wa mambo ya nje Arusha ndani ya siku 60, alieleze Bunge la Afrika Mashariki hadharani, na kwa Kiswahili, waliingia kwa idhini ya nani, wako wangapi, na watatoka lini. Itakayokataa ikose zamu yake ya uenyekiti.

Mfanyabiashara,
Ngara, Kagera