Baridi ya Darajani

Busisi, Sengerema
Jumapili, 20 Julai 2025

Shoga yangu mpendwa,

Mwangaluka! Najua huko Njombe hakuna wa kukusalimia hivyo, basi pokea yangu kwa niaba ya Usukumani nzima. Sisi wazima. Mama miguu inamsumbua kama kawaida, ila mdomo uko palepale. Barua yako niliipata Jumatano kwa mkono wa yule mdogo wako, nikaisoma nimesimama mlangoni hata kabla sijavua helmeti.

Nilicheka, usinichukie. Mtu anaishi Njombe, saa mbili asubuhi akiongea mdomo unatoa mvuke kama birika, halafu anamwandikia mtu wa ziwani kumuuliza ajikingeje na baridi akiwa kwenye pikipiki! Huku kwetu alfajiri ikishuka hadi nyuzi 16 tunaulizana nani amekufa. Lakini nilipomaliza kucheka nikaona umeuliza mahali penyewe, maana mwezi huu mmoja nimejifunza habari za baridi kuliko miaka yote niliyopanda Boxer hii. Tena nimejifunza kwa kuogopa.

Unajua tangu nihamie Busisi natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri kwenda kibandani kwangu cha ushonaji mjini Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Enzi za kivuko safari ilikuwa vipande viwili. Nafika ukingoni, naegesha, nasubiri. Tulilalamika wee! Siku nyingine foleni ya malori imefika kule juu, kivuko kimoja kibovu, na mteja wa nguo ya harusi anapiga simu kila dakika. Mimi nilikuwa mstari wa mbele kulaani. Ila katika kusubiri kule nilikuwa nakunywa kahawa chungu, vile vikombe vidogo, viwili au vitatu na kashata moja. Kivuko kikija nasimama upande wa chumba cha injini, mgongo nimeuegemeza kwenye bati lenye joto, mpaka Kigongo. Nikiteremka upande wa pili nimeiva kama kitumbua. Sikuwahi kujua kwamba ile ndiyo ilikuwa dawa yangu ya baridi. Nilidhani mimi ni jasiri tu.

Tarehe 19 Juni Rais Samia akaja kufungua daraja la Kigongo–Busisi. Nilikuwepo, nilipiga vigelegele sauti ikakauka siku mbili. Kilomita 3 juu ya maji, shoga, dakika chache umevuka! Ukija likizo nitakupakia ulione, hasa alfajiri taa zikiwa zinawaka. Basi na mimi kwa furaha nikaanza kwenda moja kwa moja. Nyumbani mpaka mjini mguu haugusi chini.

Wiki ya pili hivi, siku ya Alhamisi, kulikuwa na ule ukavu wa kiangazi, anga tupu, nyota zote nje. Usiku wa namna hiyo ndio mbaya, hakuna wingu la kuifunika ardhi, joto la mchana lote linapanda juu linapotea. Darajani upepo ulinipiga ubavuni, wa kukusogeza kabisa, nikainama juu ya tangi. Lakini utashangaa: hewa ya juu ya ziwa yenyewe haikuwa kali sana. Maji hayapoi haraka kama nchi kavu. Baridi hasa niliikuta nimeshavuka, kule mabondeni kati ya Kigongo na Usagara. Unashuka bonde, unahisi kama umeingia kwenye beseni la maji. Unapanda kilima, inapungua. Hewa ya baridi ni nzito, inateremka na kutuama chini. Nilikuwa na jaketi la jinzi, glavu hakuna, na haraka.

Pale Usagara, karibu na njia panda, lori lililokuwa mbele yangu likawasha taa nyekundu. Nikashika breki ya mbele. Nasema nikashika, lakini vidole havikuja. Nilikuwa naviona, vimejikunja kwenye mpini, navipa amri na vyenyewe vinaniangalia kama watoto wa jirani. Mguu wa kulia ndio ulioniokoa. Nilikanyaga breki ya nyuma, pikipiki ikayumba kama mlevi, nikasimama nikiwa naweza kusoma maandishi ya kwenye tela bila kukaza macho.

Nikajikokota mpaka kwa mama ntilie mmoja pale kando. Nataka kuvua helmeti ninywe kitu, kile kifungo cha kidevuni kikanishinda. Mimi! Fundi ninayepitisha uzi kwenye sindano usiku kwa taa ya simu. Yule mama alikuwa anakanda unga wa maandazi. Akajifuta mikono kwenye kanga, akanishika kidevu, akakibonyeza kile kifungo kwa dole gumba kama anamvua mtoto sweta. Hakusema neno. Nikanyoosha mikono kwenye jiko lake, akaipiga kofi. "Kwapani kwanza," akasema. "Huu moto utakuunguza na hutasikia." Nikakaa kwenye benchi nimejikumbatia, machozi yananitoka damu iliporudi vidoleni, maana ikirudi inauma kuliko ilipoondoka. Kisha akanipa uji wa ulezi.

Siku hiyo kibandani sikushona kitu mpaka saa tatu. Nilikaa nikaifikiria baridi kama ninavyofikiria gauni la mteja mwenye kifua kikubwa na mabega madogo: tatizo liko wapi hasa? Nikaona ni upepo. Mwili wako una hewa ya joto umeivaa juu ya ngozi, nyembamba kama shimizi. Ukisimama inabaki. Ukienda mwendo wa 60 upepo unakuvua hiyo hewa, mwili unatengeneza nyingine, unakuvua tena, saa nzima. Ndiyo maana nyuzi zilezile 16 zinazokupendeza umekaa barazani zinakugandisha kwenye pikipiki. Na nguo, nakuambia kama fundi, haina joto lake. Joto ni lako, nguo inatunza tu. Kwa hiyo ukivaa sweta tatu ambazo upepo unapita, umevaa nyavu tatu.

Umewaona bodaboda wanavaa jaketi nyuma mbele, zipu mgongoni? Sisi wenye elimu ya kucharazwa tulikuwa tunawacheka. Wako sawa kabisa. Zipu ni meno, na katikati ya meno kuna njia. Hata mshono ni njia, kila tundu la sindano upepo unalijua. Nimejishonea kifua cha turubai, kipande kimoja bila mshono mbele, kinaanzia kooni kinashuka mpaka mapajani, kama aproni ya muuza nyama. Ndani nimeweka blanketi. Pembeni palipo na mishono nimesugua mshumaa mpaka nyuzi zikashiba nta. Nakivaa juu ya sweta, chini ya jaketi. Siku ya kwanza nilifika mjini kifua kinatoa jasho, ikabidi nipunguze fulana. Na hilo liangalie: ukilowa jasho ndani, pamba inalishika na kukugeuka, ukianza kupoa unakuwa umevaa kitambaa kibichi. Iliyo karibu na ngozi iwe nyepesi, ya katikati iwe sufu kama utaipata. Sufu hata ikiwa na unyevu bado inakutunza.

Jaketi nilinunua soko la Mlango Mmoja, la mitumba, lile la wenzetu wa theluji. Jamaa alitaja 25,000, tukagombana vizuri, nikaondoka nalo kwa 12,000. Huko kwenu mitumba ya namna hiyo lazima iwepo tele. Namna ya kuchagua: usidanganywe na unene. Bana kitambaa kwenye midomo yako, upulizie. Pumzi ikitokea upande wa pili, rudisha. Watu watakuangalia, waache.

Mikono ndiyo imenichukua muda mrefu. Nilianza na glavu za mpira za kuoshea vyombo, upepo zinazuia kweli, lakini nikifika vidole vimenyauka kama vya mfua nguo na baridi iko palepale. Sasa nina za sufu ndani na za ngozi juu, za mafundi wa kuchomelea, kubwa kidogo ili zisibane. Kinachobana kinazuia damu, na damu ndiyo moto wenyewe. Viatu vivyo hivyo, soksi mbili kwenye raba inayobana ni mbaya kuliko moja kwenye raba yenye nafasi. Halafu nikachukua dumu la mafuta ya kula la lita 5, nikalipasua katikati, nusu huku nusu kule, nimeyafunga kwa waya mbele ya mipini kama ngao. Pikipiki imekuwa kituko, vijana wa kijiweni wananiita "mama wa madumu". Ila mikono yangu iko hai. Ukijaribu, kabla hujatoka shika klachi na breki mpaka mwisho, uhakikishe dumu haligusi chochote, na usukani unakata kona zote mbili.

Shingoni usijifunge kanga wala skafu ndefu, nakusihi. Ncha ikichomoka ikaingia kwenye mnyororo au tairi tutakuzika. Kata mkono wa sweta kuukuu, kuanzia kwapani mpaka kwenye kiwiko, upitishe kichwani. Basi. Unakaa shingoni wenyewe, unavuta mpaka puani. Kioo cha helmeti kikianza kuweka ukungu kwa pumzi, sugua ndani sabuni ya kipande iliyokauka, kisha futa kwa kitambaa kikavu mpaka uone vizuri.

Ukikosa yote hayo, gazeti. Kurasa kadhaa kifuani kati ya sweta na jaketi. Gazeti la juzi linatosha, habari zake zimepoa ila lenyewe bado linapasha. Mama yeye alinishauri nivae mifuko ya rambo juu ya soksi kama walivyofanya zamani shambani. Nikamwambia mama, rambo zilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, unataka nikamatwe kwa miguu yangu? Akasema anazo chini ya godoro. Sikuuliza zaidi.

Kuna mwenzangu wa pale mtaani ananiambia funiko moja la Konyagi kabla ya safari. Achana nayo, hata mbali na mambo ya ajali na trafiki. Pombe inaleta damu juu ya ngozi, unahisi moto, kumbe ndiyo unaugawia upepo. Afadhali michembe, vile viazi vitamu vikavu, mfukoni na chupa ya chai ya tangawizi.

Na sasa nasimama. Kila siku, Kigongo upande wa pili wa daraja, nazima pikipiki dakika kumi hata kama sisikii baridi. Naweka viganja karibu na injini, mbali na ekzosi, natembeatembea, nakunywa chai yangu. Wenzangu wananipita wananipigia honi. Nimejirudishia kivuko changu, nafikiri, bila ile foleni. Wewe nako, kutoka mjini Njombe mpaka shuleni kwako umesema ni zaidi ya saa moja, milima na ukungu. Tafuta pa kusimama katikati, duka, zahanati, nyumba ya mwalimu mwenzako, na uwe unasimama kabla vidole havijakukumbusha. Zaidi kabla ya mteremko mrefu, kule ndiko unakohitaji breki na ndiko upepo unakokutandika huku injini haifanyi kazi ya kukupasha. Kipimo changu ni hiki: gusisha dole gumba na kidole kidogo cha mkono uleule. Visipokutana, egesha.

Halafu neno moja, maana nakujua. Usilale na jiko la mkaa chumbani ukisema unakausha nguo za kesho. Litoe nje hata kama mkaa umebaki kidogo.

Nimeshakukatia turubai, la rangi ya bluu, la kijani lilikuwa limeisha. Nitalituma kwa basi nikishamaliza. Blanketi la ndani sijalikata, nasubiri vipimo vyako: kifua, kutoka kooni mpaka katikati ya paja ukiwa umekaa, na upana wa mabega. Vaa sweta zako zote ndiyo ujipime. Mara ya mwisho ulinitumia vipimo vya kujisifu, gauni likagoma kupita mabegani, na turubai halivutiki.

Wako,
Fundi wa Busisi